Nani alisema uzuri lazima uume?

Ndugu zangu, leo siandiki habari za Bunge, wala bei ya mafuta, wala ahadi za wakubwa. Leo naandika habari za nywele. Mwenye kuona kwamba haya ni mambo ya kike yasiyo na maana nampa ruhusa aendelee na shughuli zake. Ila kabla hajaondoka namwomba kitu kimoja tu: amtazame dada yake, mkewe au mchumba wake pale kwenye panja, juu kidogo ya sikio, mahali nywele zinapoanzia. Atazame vizuri. Nadhani atarudi kusoma.

Jumamosi iliyopita nilikuwa naenda nyumbani Bagamoyo kwenye harusi ya binamu yangu. Nilipanda basi Makumbusho, nikapata kiti cha nyuma. Ukikaa nyuma, safari nzima unatazama vichwa vya watu, na mimi nina tabia mbaya niliyoipata miaka hii ya karibuni: natazama vichwa vya wanawake wenzangu kuona nywele zimebaki wapi. Tegeta akapanda dada mmoja kapendeza kweli, rasta zimefika kiunoni, lakini juu ya masikio ngozi inang'aa kama sahani. Boko akapanda mwingine kavaa wigi, kila baada ya dakika mbili analisogeza mbele lifunike paji. Kabla hatujafika Mapinga nilikuwa nimeacha kutazama, nikageukia dirishani. Sikuwa nawacheka. Nilikuwa najiona mwenyewe.

Nikafika nyumbani. Sijamaliza hata kupiga hodi nikasikia kilio. Uani, chini ya mwembe, mtoto wa dada yangu, umri wake miaka saba, kabanwa katikati ya magoti ya msusi. Msusi mwenyewe ni binti wa mtaani pale, mikono inakwenda kama cherehani. Mkekani kuna pakiti za rasta zimechanwa. Kila akivuta, nyusi za mtoto zinapanda juu kama mtu aliyeshtuka. Mtoto akaniona, akasema, "Mama mdogo, inauma." Shangazi yangu alikuwa pembeni anachambua mchele wa pilau, hata uso hakuinua. "Nyamaza wewe. Ukitaka uzuri sharti udhurike."

Basi bwana, hapo ndipo damu iliponichemka.

Methali hiyo nimeisikia tangu nina umri wa yule mtoto. Nimeisikia nyumbani, saluni, jikoni kwenye shughuli, hata ofisini. Sisi watu wa pwani tunaheshimu methali kiasi kwamba mtu akishaitoa mjadala umekwisha. Leo mie nauanzisha upya. Nasema hivi: methali hii, inapotumika juu ya kichwa cha mtu, si hekima. Ni kitambaa cha kumziba mdomo mtu anayeumia. Imewapotezea nywele wanawake wengi, na waliopoteza kwanza ni sisi wenye nywele nyepesi.

Ngoja niwape kisa changu, maana sipendi kuhubiri dhambi nisiyoitenda.

Mimi nywele zangu ni za kipilipili, lakini nyepesi kama sufi. Mnaijua sufi ile ya kujazia mito? Ukiishika unahisi kama umeshika hewa. Ndizo nywele zangu. Shule ya msingi na sekondari sikuwa na shida nazo, kwa sababu wanafunzi wa kike tulitakiwa tuwe na nywele fupi, tukawa tunakatwa sawasawa wote kama majani ya uwanjani. Maana yake ni kwamba nilimaliza kidato cha sita sijui kuchana nywele zangu, sijui kuziosha, sijui hata zikoje. Wengi wetu tumetoka hivyo. Miaka yote ya kujifunza kichwa chako unanyolewa, halafu siku moja unaachiwa huru na kiwembe cha ukoko... hapana, bora kiwembe! Unaachiwa na dawa ya kunyoosha nywele.

Nikaweka dawa. Nikapata kazi ya kujifunza uandishi katika chumba kimoja cha habari, na mkubwa mmoja akaniambia nywele zangu "hazijakaa kitelevisheni". Sikubishana. Nilikwenda saluni moja jijini, sitaitaja, nikaomba rasta ndogondogo ndefu za kufika kiunoni. Dada aliyenisuka hakuniuliza swali hata moja kuhusu nywele zangu. Aliniuliza rangi na urefu. Pakiti sita zikaingia kichwani, saa tisa nimekaa kwenye kiti. Usiku ule sikuweza kuweka kichwa kwenye mto. Nilimeza vidonge viwili vya maumivu. Asubuhi nikaona vipele vyenye usaha mdogo mdogo kwenye paji. Kila niliyemwonyesha aliniambia, "Utazoea, ni siku tatu tu." Na methali ikafuata, kama kawaida.

Kwa vile nilitumia karibu posho yangu yote ya mwezi, nilikaa nazo wiki kumi na moja. Siku ya kufumua, rasta za mbele zilitoka na nywele zangu. Hazikukatika katikati. Zilitoka na mizizi yake, ile nukta nyeupe unaiona.

Nikafanyaje? Nikashonea wivingi kuficha. Wivingi ikavuta zaidi. Nikahamia kwenye wigi la kubandika na gundi pale mbele. Gundi ikang'oa vile vinyweleo vilivyokuwa vinajitahidi kurudi. Mnaona mchezo ulivyo? Kila nilichokitumia kufunika kidonda ndicho kilichokuwa kinakila.

Sasa nilipotulia nikaanza kusoma, ndiyo kazi yangu. Nikagundua kwamba jambo hili lina jina hospitalini na limechunguzwa na Waafrika wenzetu. Afrika Kusini, daktari wa ngozi Nonhlanhla Khumalo wa Chuo Kikuu cha Cape Town na wenzake walitoa matokeo ya uchunguzi wao mwaka 2007. Kati ya wanawake watu wazima waliowapima, karibu theluthi moja walikuwa na upara unaotokana na nywele kuvutwa. Hata wasichana wa shule walikuwa nao. Na waliokuwa kwenye hatari zaidi ni wale wanaosuka au kushonea wivingi juu ya nywele zilizowekwa dawa. Yaani mimi mtupu.

Jambo lenyewe linavyotokea si la ajabu. Unywele umeshikiliwa na kifuko kidogo ndani ya ngozi. Ukivutwa mfululizo kifuko kinavimba. Maumivu na vipele ndiyo taarifa yake ya kwanza. Ukiachia mapema nywele hurudi. Ukiendelea miaka na miaka kifuko kinakufa, ngozi inakuwa na kovu, na hapo hakuna mafuta ya nazi, ya mnyonyo wala ya mlozi yatakayokirudisha. Kwa hiyo maumivu yale si gharama ya uzuri. Ni kengele ya hatari. Hebu niambieni, nyumba ikiungua na mtu akapiga kelele "moto!", mtamwambia avumilie atazoea?

Sasa najua kuna watu wameshakaa tayari kunijibu, na nawafahamu kwa makundi.

Kundi la kwanza ni la wanaosema dawa ni moja: tuache nywele za bandia kabisa, ni kasumba, ni kujichukia. Wengi wao ni wanaume, na wengi wao hawajawahi kukalia kigoda cha msusi hata nusu saa. Ndugu zangu, kasumba ipo, siikatai. Hapa pwani tumesifia nywele za singa vizazi na vizazi, na mtoto aliyezaliwa na kipilipili amejua nafasi yake mapema. Lakini mwanamke kurefusha na kupamba nywele zake si jambo lililoshushwa bandarini jana. Bibi zetu walisuka kwa uzi, wakapaka mafuta, wakachomeka vikuba. Kupenda kupendeza si ugonjwa. Na aliyeniambia nywele zangu hazijakaa kitelevisheni alikuwa mwanamume, tena Mwafrika mwenzangu. Mnatutaka tuwe asilia, halafu tukija asilia mnasema hatujachana!

Kundi la pili ni la wanaonikumbusha dini. Bagamoyo wengi tumepita madrasa, na tunajua hadithi inayomkataza mwanamke kuunga nywele. Anayelifuata hilo namheshimu, na makala haya hayamhusu sana. Ila naye asidhani amesalimika, maana nimeona chini ya hijabu vifundo vilivyobanwa kwa mpira mkazo kila siku ya Mungu mpaka mapanja yamekwisha. Kichwa hakijui kama kinachokivuta ni halali au haramu. Kinajua kimevutwa.

Kundi la tatu ni la wakubwa. Septemba 2018 Spika wa wakati huo, Job Ndugai, aliwapiga marufuku wabunge kuingia bungeni na kope za bandia na kucha za bandia. Juni 2019 Waziri wa Fedha wa wakati huo, Dk. Philip Mpango, akasoma bajeti yenye kodi ya asilimia 25 kwa nywele za bandia zinazotoka nje na asilimia 10 kwa zinazotengenezwa nchini. Nchi nzima ikacheka wiki nzima. Wanaume wakashangilia, eti sasa wataona sura za wake zao. Mimi sikucheka. Niliwaza: kumbe Serikali inaziona nywele hizi, inajua zinatoka wapi na zinathamani gani! Basi mbona walipozitazama waliona pato tu, au maadili tu? Mbona hakuna aliyesimama kuuliza zimetengenezwa na nini, na zinawafanya nini wanaozivaa?

Ninayo pakiti ya rasta hapa mezani. Imeandikwa rangi kwa namba. Imeandikwa urefu. Ina picha ya dada anacheka. Haikuandikwa imetengenezwa na nini, haikuandikwa uzito wake, haikuandikwa kwamba ukiivaa zaidi ya muda fulani utajidhuru. Pakiti ya biskuti inaeleza zaidi! Rasta nyingi ni nyuzi za plastiki, na zilizo maarufu zaidi ni za aina ya modakriliki, ndugu yake na ile akriliki ya kufumia masweta. Jina la Kanekalon mnaloliona ni la kampuni ya Kaneka ya Japani. Mwaka 2025 shirika la Marekani la kutetea walaji, Consumer Reports, lilipima rasta za aina 10 zinazouzwa kule, likakuta kemikali zinazohusishwa na saratani katika zote, na madini ya risasi katika 9. Zile ni za soko lao, siwezi kusema zetu ziko hivyo hivyo. Lakini tangu 2019 mambo ya vipodozi yamehamishiwa Shirika la Viwango, TBS. Vitu hivi vinakaa juu ya ngozi zetu miezi miwili, tunalala navyo, tunavichovya kwenye maji ya moto vikiwa kichwani. Je, ni makosa kuomba pakiti iseme ukweli?

Na nywele za binadamu nazo msidhani ndiyo usalama. Wivingi inaitwa ya Kibrazili, ya Kiperu, majina matamu ya biashara. Nywele nyingi zilizo sokoni zinatoka Asia. Kule India mahujaji wananyoa nywele kama sadaka katika mahekalu kama la Tirumala, nywele zinapigwa mnada, nyingine zinapita viwandani China, katika mji wa Xuchang, mpaka zifike kwetu. Unywele wa watu wa Asia kwa kawaida ni mnene kuliko wetu. Sasa chukua unywele ule mnene, uushonee juu ya sufi yangu. Ni sawa na kufunga ngarawa ya mvuvi nyuma ya meli, halafu ushangae kamba ikikatika.

Nimefika kwenye neno zito: uzito. Watu wanabishana bandia au asili, halali au haramu, mzungu au Mwafrika. Kwa mwenye nywele nyepesi swali ni moja tu: unywele wangu unabeba kiasi gani? Zile pakiti sita zangu baadaye nilinunua nyingine kama zile, nikazipima kwenye mzani wa dukani kwa Mangi. Zilikaribia nusu kilo. Zikilowa ndiyo usiseme. Nusu kilo ya plastiki, inaning'inia usiku na mchana kwenye sufi.

Sasa mtaniuliza, wewe unayelalamika, tufanyeje? Nitasema niliyojifunza kwa kichwa changu.

Kwanza, ujue nywele zako. Nyepesi na chache ni vitu viwili. Nyepesi maana yake unywele mmoja mmoja ni mwembamba, hata kama zipo nyingi. Chukua mmoja uviringishe katikati ya vidole viwili. Kama huusikii kabisa, wewe ni mwenzangu. Zikiwa nyingi zinakudanganya, msusi naye zinamdanganya, akaona fungu limejaa akalipa mzigo wa mtu mwingine.

Pili, punguza. Urefu wa mabegani badala ya kiunoni, pakiti mbili au tatu badala ya sita. Fungu lisiwe dogo mno, kwa sababu vinyweleo vichache ndivyo vitakavyobeba rasta nzima. Mwambie msusi aanze na nywele zako mwenyewe kisha aongeze rasta kidogo kidogo anavyoshuka, bila lile fundo gumu la mwanzoni. Inachukua muda zaidi, mlipe zaidi. Na vile vinyweleo vya mbele, viacheni vipumue. Havikuumbwa kubeba kitu.

Tatu, chagua moja: dawa au rasta. Nywele nyepesi zilizowekwa dawa hazibebi mzigo. Na kama ni wivingi, ishonwe, isibandikwe. Tena sisi wa pwani tuna jambo letu: joto na unyevu. Mistari iliyo chini ya wivingi ikilowa jasho au maji haikauki upesi, inavunda, inawasha, inanuka. Umeoga baharini, suuza kwa maji baridi yasiyo na chumvi, kisha ukaushe mpaka chini kabisa. Osha ngozi ya kichwa hata ukiwa umesuka. Anayekuambia rasta haziguswi na maji anakudanganya. Lala na kitambaa laini cha satini. Na usizikusanye zote juu ukazifunga fundo moja zito siku nzima kwa sababu ya joto. Ni kuvuta juu ya kuvuta.

Nne, muda. Wiki sita, zikizidi sana nane. Na hapa niwaondoe hofu moja. Binadamu hupoteza kama nywele 50 hadi 100 kwa siku, ni kawaida. Ukiwa umesuka wiki sita, zile zote zimenaswa ndani; piga hesabu, ni kati ya 2,100 na 4,200. Kwa hiyo ukifumua ukaona rundo, usilie mara moja, mengi yake yangedondoka tu. Lia ukiona panja limekuwa jeupe. Hapo pumzisha kichwa miezi kadhaa, na umwone daktari wa ngozi mapema. Tunao, pale KCMC Moshi kuna kituo kinachowafundisha tangu 1992. Usiende wakati kovu limeshakaa.

Tano, na ndiyo ya kwanza kwa kweli: ikiuma, sema. Ikiendelea kuuma, fumua siku hiyo hiyo, hata kama umelipa. Pesa itatafutwa tena.

Mtasema, sawa, lakini msusi hataki. Hapo sasa nirudi uani kwetu, maana niliacha mtoto analia.

Nilimwambia yule binti aache. Shangazi akaweka ungo chini. "Wewe mwana, umekaa Dar siku mbili tatu umekuja kutufundisha kusuka? Wewe ulisukwa hapa hapa!" Nikamjibu kwa adabu yote niliyobaki nayo. Nikavua mtandio, nikainama mbele yake, nikamwambia, "Shangazi, ni kweli nilisukwa. Tazama." Hakuwa ameliona panja langu karibu. Alinyamaza. Akanyoosha mkono kama anataka kugusa, akaurudisha. Kisha akaokota ungo wake.

Yule msusi naye, aliyekuwa kimya muda wote, akaniambia kwa sauti ndogo, "Dada, mimi najua zinauma. Lakini nikisuka zisizokaza, wiki ya pili mama zao wanakuja kudai hela yao. Wanasema sijui kazi."

Ndugu zangu, maneno yale yalinifungua macho kuliko vitabu vyote nilivyosoma. Tumezoea kumlaumu msusi. Kumbe msusi analipwa na sisi kwa kukaza! Sisi ndio tunaosifia, "Huyu anajua, amekaza kweli." Sisi ndio tunaotaka mtindo wa siku kumi udumu miezi mitatu. Binti huyu huyu nimewahi kumkuta ufukweni akimsuka mtalii wa kizungu mwenye nywele nyepesi kama zangu, na kila mstari alikuwa anamuuliza kama anaumia, analegeza. Kwa hiyo anajua kulegeza. Anajua kuuliza. Ila mtalii akisema inauma anaaminiwa, mtoto wetu akisema inauma anapewa methali. Hili ndilo linaloniuma mimi kuliko panja langu.

Nadai mambo matatu, na sioni aibu kuyadai. Anayeuza rasta aandike kwenye pakiti ni kitu gani na kina uzito gani. Anayefundisha ususi, iwe VETA au saluni ya mtaani, amfundishe mwanafunzi kuuliza maswali mawili kabla ya kushika chanuo: nywele zako zikoje, na zina dawa? Na sisi wateja tumlipe msusi kwa kulegeza kama tulivyokuwa tunamlipa kwa kukaza. La mwisho ni letu, na halihitaji waziri.

Tulikubaliana hivi pale uani. Mistari iliyokuwa tayari ilifumuliwa yote. Mtoto akasukwa twende kilioni kwa nywele zake mwenyewe, mafuta ya nazi kidogo, ushanga mweupe mwepesi kwenye ncha. Binti alimuuliza kila mstari, "Inauma?" Mtoto akawa anajibu "hapana" kwa sauti ya mtu asiyeamini kama swali ni lake kweli. Nilimlipa msusi hela yake yote ya rasta. Shangazi hakusema nami mpaka pilau ilipopakuliwa, na aliposema alisema tu, "Kula." Kwa wanaomjua shangazi yangu, hiyo ni hotuba.

Jina la mji wetu, wazee husema, linatokana na kubwaga moyo. Wapagazi waliotembea kutoka bara na pembe za ndovu mabegani walifika hapa wakashusha mizigo yao. Miaka mingi imepita, na sisi wajukuu tunatoka na kurudi Bagamoyo na mizigo tuliyoshonewa kichwani kwa hela zetu wenyewe, tukiambiwa tutazoea.

Mie nimeshaubwaga wangu. Nywele zangu sasa ni fupi, na kushoto zimeanza kurudi, kulia bado. Nikitaka rasta nitasuka, za mabegani, wiki sita, basi. Na siku nitakayosikia tena mtoto anaambiwa uzuri sharti udhurike, nitavua mtandio tena, popote nitakapokuwa.

Alamsiki.